Bahasha ya Mishale Mikuukuu

Wiki tatu nzima Aloys Berney aliitengeneza saa ya marehemu Gustave, na tangu afunge karakana yake hakuwa amepata wiki tatu tamu kama hizo. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Meza yake ilikuwa mbele ya dirisha la kusini, pale pale alipokaa baba yake, na theluji ya uani ilirudisha mwanga hadi juu ya meza, mweupe, usio na kivuli. Zamani kila nyumba ya bonde ilikuwa na safu ya madirisha kama hayo. Huyu alichonga skrubu, jirani yake alikata vigurudumu, wa tatu aling'arisha, na mwezi mzima wa Februari watu walipitishiana kazi juu ya theluji ndani ya visanduku vya mbao. Siku hizi madirisha yale yamewekewa mapazia ya wageni wa kuteleza thelujini, na saa hutoka kwenye jengo la vioo lenye lango la kubonyeza namba.

Saa ya Gustave ilikuwa na historia ya kuchekesha, au ya kukasirisha, kutegemea nani anayeisikia. Mwaka 1966 kiwanda cha akina Vauterel kiliunda saa nne za namna ile, zenye vitufe viwili pembeni vya kupimia mbio, kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja wa Buenos Aires. Alizitaka za chuma cha pua badala ya dhahabu. Kisha hakuja kuzichukua. Matajiri wa siku hizo walitaka dhahabu, na saa ya thamani iliyovishwa chuma haikuwa na mwenyewe. Zikalala kabatini mwaka mzima, mwishowe wakubwa wakaziuza kwa wafanyakazi kwa bei ya kutupa. Gustave Guignard, aliyekuwa akichochea moto wa kupasha joto kiwanda kile, alitoa mshahara wa miezi miwili akachukua moja. Mkewe Mariette alimnunia wiki mbili.

Akaivaa miaka hamsini na tano. Aliivaa akipakia makaa ya mawe, akivuna majani ya ng'ombe, akimvuta ndama tumboni mwa mamaye. Kila baada ya miaka mitano au sita aliileta kwa Aloys, na Aloys alipomaliza kuisafisha alikwaruza kwa sindano, ndani ya mfuniko wa nyuma, herufi B na mwezi na mwaka. Ndivyo mafundi wa bonde walivyofanya wote. Alama hiyo mwenye saa haioni. Huiona fundi anayefuata, naye hujua nani aliingia humu kabla yake na kama alikuwa mtu wa maana.

Gustave alifariki Oktoba. Kabla ya Krismasi mkaguzi wa kijiji akapanda darini kwa Mariette, akachoma boriti kuu kwa kisu cha mfukoni, kisu kikazama hadi mpini. Barua ikaja: paa lijengwe upya kabla ya theluji ya mwaka ujao, la sivyo nyumba ifungwe. Seremala akataja faranga elfu themanini. Binti yao aliyeko Lausanne alikuwa tayari amemtafutia mama yake chumba katika nyumba ya wazee kando ya ziwa, chumba namba kumi na saba, dirisha linatazama maegesho ya magari. Mariette alikuwa hajawahi kulala nje ya bonde isipokuwa siku tatu alipojifungua.

Ndipo Januari akatokea Bwana Delarze, mtaalamu wa saa kuukuu kutoka nyumba moja ya mnada huko Geneva. Aliketi siku nzima katika ukumbi wa kijiji kupima bure vitu vya watu. Alikuwa kijana wa suti ya buluu isiyo na tai. Alipoiona saa ya Gustave aliipiga picha mbili kwa simu, akamwambia Mariette kwa sauti ya chini kuwa mnadani inaweza kufika laki tatu. Ailete Geneva mwanzoni mwa Machi, iingie katika mnada wa Mei. Basi, hakusema zaidi. Haikumjia kichwani kuwa duniani kuna mtu atakayeisafisha. Na Mariette naye haikumjia kuwa kuna mtu anayeweza kupeleka kitu kichafu mjini.

Jioni ile ile aligonga kwa Aloys, saa ikiwa ndani ya leso.

"Shemeji, mwogeshe," alisema. "Sitaki Gustave aingie Geneva akiwa na makaa kwenye kucha."

Wakamzungumzia Gustave hivyo, kama yumo ndani ya leso. Aloys akavaa kioo chake jichoni.

Alifungua kila kitu. Aliosha vigurudumu kimoja kimoja, akatia mafuta mapya kwa ncha ya waya. Kioo kilikuwa kimekuwa cha manjano na kina ufa, akaweka kipya. Mishale ilikuwa na kutu, na ile rangi yake ya kung'aa gizani ilikuwa imekauka, imekuwa kahawia, inamomonyoka ukiipumulia. Katika droo yake alikuwa na mishale mipya ya saa ile ile, aliyopewa na kiwanda chenyewe mwaka 1983, bado imo katika karatasi ya nta. Kwa miaka arobaini alikuwa hajapata saa ya kuivalisha. Akaivalisha. Kasha la chuma alilishindilia kwenye gurudumu la manyoya la kung'arishia kwa siku nne, hadi makovu ya koleo na uma wa majani yakaisha na ukingo wake ukawa kama uso wa maji. Uso wa saa tu ndio uliomshinda. Ulikuwa umeiva rangi ya maziwa yaliyoungua, na mtu wa kuupaka upya alikuwa Eglantine Capt wa kijiji cha pili, naye ana miaka minne kaburini. Brashi zake hakuna aliyezirithi. Aloys akaufuta uso ule kwa pamba, akauacha.

Mwisho akakwaruza alama yake ya kumi. Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wa bonde hawakuwahi kuliacha: alivitia vyote alivyovitoa, kioo chenye ufa na mishale yenye kutu, ndani ya bahasha ndogo, akaandika juu yake jina la Gustave na tarehe. Vilivyotolewa hurudishwa kwa mwenye saa, ajue kuwa kweli vimebadilishwa. Fundi asiyerudisha bahasha alihesabiwa mwizi, na watu walimpita mlangoni.

Mariette aliiweka saa sikioni akafumba macho.

"Anapumua vizuri," alisema. Akamlipa Aloys jibini nzima iliyofungwa gome la mti na soseji mbili.

Wakapanda treni pamoja siku ya Jumanne. Nyumba ile ya mnada ilikuwa imekodi ghorofa nzima ya hoteli kando ya ziwa ili kupokea mali. Zulia lilimeza viatu. Wanaume wenye glavu nyeupe walizibeba saa juu ya mito midogo ya mahameli kama wanavyobebwa watoto wa kubatizwa. Meza ya jirani palikuwa na bwana mmoja mnene aliyekuwa akinusa mkanda wa saa. Aloys alimtazama akidhani ni mgonjwa, mpaka aliposikia akimwambia mwenzake kuwa jasho la mwenye saa wa kwanza bado limo.

Bwana Delarze aliwapokea kwa mikono miwili. Mariette akafungua leso. Yule kijana akatazama, akasogea, akatazama tena.

"Mama," alisema, "hii ndiyo saa niliyoiona Januari?"

"Ndiyo hiyo."

"Nani ameigusa?"

Aloys alivuta kiti mbele kidogo. Alikuwa amengoja swali hilo tangu kituoni.

"Mimi, bwana. Lile kovu refu la pembeni limenisumbua siku mbili peke yake."

"Siku mbili," alisema Delarze. Akaiweka saa chini taratibu, kama mtu anavyoweka kinda lililokufa. "Mzee, umeniulia saa."

Aloys alifikiri amesikia vibaya. Akasema kuwa ilipokuja mezani kwake saa ile ilikuwa ikichelewa dakika nne kwa siku, na sasa haichelewi zaidi ya sekunde mbili; bwana aichukue aipime mwenyewe. Delarze akamjibu kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma, kuwa hakuna atakayeinunua saa hii ili ajue saa ngapi. Akaeleza kwa kidole. Pembe hizi zilichongwa kwa mkono mwaka 1966, zikawa kali, sasa zimeliwa na gurudumu la manyoya na hazirudi tena. Makovu yale ndiyo yaliyokuwa yakitafutwa. Wakusanyaji wanataka saa ambayo hakuna aliyeigusa. Wakiona mng'aro wanaona mkono wa fundi, na wakiona mkono wa fundi wanafunga pochi. Ile rangi kahawia ya mishale, iliyoiva sawasawa na uso, ingetosha kuwafanya watu wapigane. Laki tatu alizosema zilikuwa za saa ile. Hii ya leo, labda elfu thelathini.

"Na paa ni themanini," alisema Mariette. Alisema kama anayesoma kibandiko dukani.

Aloys alisikia damu ikipanda masikioni. Alikuwa mtu aliyejisomea mwenyewe. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano, lakini majira ya baridi ni marefu na alikuwa amesoma mengi, na alijua kunena. Akamuuliza yule kijana kama akimpeleka mama yake hospitali humwacha na tope miguuni ili daktari aone ametoka mbali. Akamuuliza ni lini kuacha kazi bila kuifanya kulianza kulipwa zaidi kuliko kuifanya. Miaka sitini watu wamemletea saa zilizochoka akawarudishia zilizo hai, na mwalimu wake alimpiga kibao mara moja tu maishani, kwa sababu alirudisha kasha lenye alama ya kidole. Delarze alisikiliza yote bila kukatiza.

"Una haki, mzee," alisema. "Ungekuwa na haki zaidi miaka arobaini iliyopita."

Bwana mnene wa meza ya jirani alikuwa ameacha kunusa. Akaingilia, kwa wema kabisa, akasema yeye ana saa mia mbili na sitini katika chumba cha chuma, na hajapata kutia ufunguo hata moja. Ukitia ufunguo unasaga mashine. Aloys akamuuliza anajuaje basi kama ni saa. Bwana yule akacheka, akampigapiga bega, akarudi kwenye mkanda wake.

Delarze alikuwa amekwisha kuanza kuikunja leso aliposita ghafla.

"Vitu ulivyovitoa," alisema, "mishale, kioo. Ulivitupa?"

Aloys akaona swali hilo tusi kubwa kuliko yote ya siku ile. Mariette akafungua mkoba wake. Kati ya kitabu cha nyimbo za kanisa na vidonge vya kichwa akatoa bahasha. Yule kijana akaimwaga juu ya mahameli. Akauinua mshale mmoja wenye kutu kwa kibano, akauleta kwenye mwanga, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeambiwa mtoto kapona.

Uso wa saa haujapakwa upya, alisema, anamshukuru Mungu. Hajui nani kauponya huo. Aloys akamjibu kuwa ameuponya Eglantine Capt kwa kufa. Delarze hakulifuata hilo. Saa ikivaa mishale hii na kioo hiki, alisema, basi imeumia lakini haijafa. Inaweza kufika tisini. Inaweza kufika mia.

"Basi ivisheni," alisema Mariette.

"Ah, mama. Sisi hatugusi mali ya mteja. Ni kanuni yetu. Tunauza kitu kama kilivyoletwa." Akatazama ukutani. "Sasa ni saa nane kasoro. Mpiga picha wa katalogi anakuja saa tisa, na leo ndiyo mwisho wake. Mimi nakwenda kunywa kahawa. Mkiniletea saa yenu saa tisa, nitaipokea kama mtakavyoileta."

Akasimama, akaondoka. Bahasha akawaachia.

Wakaenda kukaa kwenye kibaraza cha ngazi, chini ya dirisha refu. Aloys hakuwa ametoka nyumbani siku hata moja bila fuko lake la vifaa, na Mariette alijua hivyo. Fuko lilikuwa limevimba mfukoni mwa koti lake.

"Sitakuomba," alisema Mariette.

"Hujui hicho usichokiomba ni nini. Ile rangi imekufa, inamomonyoka. Nikiirudisha ile mishale, vumbi lake litaanguka ndani ya mashine niliyoiosha. Mwezi mmoja, miwili, itasimama."

"Itasimama."

"Na kutu juu ya mafuta mapya. Hata mwanafunzi angefukuzwa."

"Nimesikia, shemeji."

"Yule mtoto ananiita muuaji, kisha ananituma nikaue, naye akanywe kahawa."

Mariette alikuwa anatazama ziwa. Akasema kwamba ile siku ya leso ni yeye aliyemwambia aogeshe, kwa hiyo kosa wagawane nusu kwa nusu.

"Kosa?" Aloys aligeuka mzima. "Kosa gani? Taja kosa."

"Basi liite jina unalotaka. Paa linavuja kwa jina lolote." Kisha, kwa sauti nyingine: "Jana binti yangu amepima dirisha la kile chumba. Anashona mapazia."

Aloys alikaa akitazama magoti yake. Alimwona Mariette katika chumba namba kumi na saba, akihesabu magari. Alimwona pia Gustave, ambaye angecheka mpaka akohoe, kwa kuwa hakuwahi kuiheshimu saa ile hata kidogo. Alikuwa akifungulia chupa za bia kwa ukingo wake. Mambo hayo hayakumpunguzia hasira. Yaliipa tu mahali pa kukaa. Akavua koti, akalitandika juu ya kizingiti cha dirisha, akafungua fuko.

Dirisha lile lilitazama kusini. Hilo nalo lilimkera.

Kazi ilimchukua nusu saa. Aliitoa ile mishale ya mwaka 1983, iliyongoja miaka arobaini kupata kazi na kuipata wiki moja. Akairudisha ya kutu, akizuia pumzi, na bado akaona kipande kidogo cha rangi kahawia, kama unga wa kahawa, kikidondoka kando ya mhimili na kupotelea ndani. Akakifuata kwa ncha ya kijiti hakukipata. Alirudisha kioo chenye ufa. Watu wawili wenye glavu walipita ngazini, wakamwona mzee aliyeinama juu ya koti, wakatazama pembeni kwa adabu. Ilionekana hakuwa wa kwanza kukaa pale.

Kabla ya kufunga mfuniko alishika sindano kwa mazoea ya mkono. Alama kumi zilikuwa pale, moja chini ya nyingine, ya kwanza imeandikwa na mkono wa kijana wa miaka ishirini na saba. Sindano ikakaa hewani. Kisha akairudisha fukoni, akafunga mfuniko.

Saa tisa Delarze aliipokea kwa mikono miwili, kama mara ya kwanza, na kama vile hakuwahi kuiona. Akasifu mishale. Akafungua mfuniko, akahesabu alama kwa midomo.

"Lakini hii ni nzuri sana," alisema. "Mkono mmoja, miaka hamsini. Wanaipenda hii, tutaipiga picha yake peke yake, ukurasa mzima." Akainua uso. "Ya leo hujaweka, mzee. Iweke tu, ya kumi na moja. Itapendeza."

"Hapana."

"Ni sekunde moja."

"Ile alama naiweka penye kazi."

"Na leo umefanya nini?"

"Sijafanya kitu," alisema Aloys. "Si mnasema hakuna aliyeigusa? Andikeni hivyo hivyo."

Delarze akacheka, akidhani ni mzaha, na akaandika kitu katika daftari lake. Katalogi ilipokuja Aprili, walisoma humo kuwa saa ile ina mishale na kioo chake cha asili, imetunzwa kwa uaminifu na familia moja na fundi mmoja, na kwamba kasha limewahi kung'arishwa. Neno hilo la mwisho lilikuwa mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, kama linavyotajwa kosa la ujana la marehemu.

Mnada ulikuwa Jumapili ya pili ya Mei. Walipewa viti vya nyuma. Dalali alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sauti nzuri. Alizungumza na watu wa mbele kama anawakaribisha chakula, na kulia kwake walisimama wasichana na wavulana kumi na wawili, kila mmoja na simu sikioni, wakisema na wanunuzi wasioonekana. Saa za mwanzo zilipita kwa bei ambazo Mariette aliacha kuzisikia. Ilipofika ya Gustave, wakaionyesha juu ya pazia kubwa mbele, ikipigwa picha pale pale kutoka kwenye mto wake wa mahameli, kubwa kama gurudumu la mkokoteni. Ule ufa wa kioo ulionekana kama barabara.

Ikaanza elfu thelathini. Ikapanda haraka, mkono wa mbele, simu, mkono, simu. Mariette alikuwa ameshika kitambaa cha suruali ya Aloys kwenye goti, bila kujua ameshika. Sabini. Themanini. Hapo Aloys akahisi vidole vya Mariette vikilegea. Lakini yeye hakuwa akitazama dalali. Alikuwa akitazama pazia, kile kimshale kidogo cha sekunde chini ya uso wa saa.

"Imesimama," alimwambia.

"Nyamaza, shemeji."

"Nakwambia imesimama. Wameitia ufunguo ili ionekane inatembea, na imesimama."

Tisini na tano. Aloys alimgeukia bwana aliyekaa kushoto kwake, mtu wa makamo mwenye katalogi iliyojaa vikaratasi, mtu ambaye kwa sura yake alionekana anajua mambo. Akamwambia kwa sauti ambayo safu mbili za mbele ziliisikia:

"Bwana, saa ile haitembei."

Yule bwana akaitazama ile picha kubwa, kisha akamtazama Aloys, akitafuta alichotaka kusema.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Zote hazitembei."

Nyundo ikagonga kwenye laki moja na elfu kumi na tano. Aliyenunua alikuwa ndani ya simu. Msichana aliyemwakilisha alitabasamu, akaandika namba, na pazia likabadilika kuwa saa nyingine. Haikufika dakika mbili. Baada ya nyumba ya mnada kukata yake, zilibaki za paa na kidogo juu.

Ndani ya treni Mariette alilia, kisha akala mkate wake wote na nusu ya ule wa Aloys. Treni ikaanza kupanda milimani. Hapo Aloys akasema kuwa miaka sitini alikuwa akidhani watu wanalipia saa itembee. Mariette akamjibu kuwa Gustave naye alidhani analipia kifungulio cha bia.

Juni maseremala walikuja na boriti mpya, ndefu kama kanisa, na kelele zao zilisikika hadi upande wa pili wa bonde. Aloys alivuka barabara asubuhi moja na bahasha mkononi. Ilikuwa ile ile, yenye jina la Gustave. Kwa kuwa vilivyotolewa hurudishwa kwa mwenyewe, na Machi yeye alitoa mishale. Mariette akaimwaga kiganjani. Mishale ya mwaka 1983 ilimeta juani, myeupe, haina doa. Chini ya jina, kwa wino, Aloys alikuwa ameandika B, mwezi na mwaka.

"Hii ndiyo kazi niliyoifanya," alisema. "Hiyo nyingine sikuifanya mimi."

Mariette aliigeuza mishale kwa kidole.

"Tukiifukia chini ya kabichi," alisema, "ikila kutu vizuri, hawa watu watatupa ngapi?"

Aloys alicheka. Hakutaka kucheka, lakini alicheka mpaka seremala mmoja akachungulia kutoka juu ya paa. Kisha akakumbuka chumba kile cha chuma, na saa mia mbili na sitini zilizonyamaza gizani, na ya Gustave pengine nayo sasa imo mahali kama pale, mafuta yake yakikauka juu ya ule unga wa kahawia. Na hasira ikamrudia yote, mpya kabisa. Akamwambia Mariette aiweke bahasha mahali pakavu. Halafu akamwita yule seremala, akamwonyesha kwa kidole ubao wa tatu kutoka ukingoni, uliokuwa umekaa upande, akamwambia aung'oe aupige upya.